Forester ya Ami na kopo la Maskati

Ami alishuka kwenye gari na boksi dogo kwapani, injini hakuizima. Akaliweka boksi juu ya meza yangu ya kazi hapa gereji, akatoa kopo jeusi la alumini linalong'ara, lina midomo miwili juu, na pamoja nalo mpira mrefu uliokunjwa na klipu nne.

"Mwanangu, nifungie hili leo leo. Limekuja na mtu kutoka Maskati."

"Shikamoo kwanza Ami."

"Marahaba. Nifungie."

Ni kechi keni, kopo la kunasa oili. Mpwa wake anayefanya kazi Maskati ndiye aliyelinunua na kulituma. Gari yenyewe ni Subaru Forester ya 2004, yenye turbo (feni inayosukumia hewa ndani ya injini), injini ya EJ20, gia otomatiki, imeshatembea kilomita 168,000 kwa mujibu wa saa yake. Wiki mbili nyuma gereji moja ya mjini ilivua mpira wa turbo, ikakuta oili ndani, ikamwambia turbo imekufa na atafute laki nane anunue nyengine ya mtumba. Akashituka, akampigia mpwa wake. Mpwa akamwambia turbo haina kitu, huo ni mvuke wa oili tu, dawa yake kechi keni, nakutumia.

Kwa hiyo nilikuwa na hukumu mbili mezani, zote zimetolewa bila ya mtu kupima chochote. Nikamwambia Ami aniachie gari mpaka Alasiri. Hakupendezwa, lakini akaacha.

Nieleze kwanza kopo hili linafanya nini, kwa sababu hapo ndipo mabishano mengi yanapopotea njia. Injini yoyote inapumua. Ringi za pistoni hazizibi moja kwa moja; kila silinda inapowaka, gesi kidogo hupenya pembeni ya pistoni ikashuka kwenye tumbo la injini. Huko chini krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inarusha oili, na gesi hubeba ukungu wa oili hiyo pamoja na mvuke wa maji na petroli ambayo haikuungua. Isipopewa njia ya kutokea itajitafutia yenyewe: kwenye sili, kwenye gasketi za kava, hata dipstiki, kijiti cha kupimia oili, utaikuta imeruka. Zamani gesi hii ilimwagwa tu chini ya gari kwa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California, kwa sababu ya ukungu mchafu uliokuwa ukifunika miji yake, ikaanza kutaka irudishwe ndani ya injini ikaungue, na valvu ya PCV, inayofungua na kufunga njia hiyo ya kurudi, ikaenea kutokea huko.

Kwenye injini ya turbo gesi ina njia mbili. Ukiwa unakwenda taratibu au injini iko sailensi (inawaka bila ya kukanyagwa), menifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, inavuta, valvu ya PCV inafunguka, na gesi inakwenda moja kwa moja kwenye menifoldi. Ukikanyaga na turbo ikaanza kusukuma, menifoldi haivuti tena, ina presha. Valvu inajifunga, na gesi inageuka kupitia mipira ya kupumulia hadi kwenye mpira wa hewa ulio kabla ya turbo. Turbo inaivuta pamoja na ukungu wake na kuitupa kwenye intakula, kipozeo cha hewa. Ndiyo maana utando wa oili ndani ya mipira ya turbo si ugonjwa. Ungeniletea turbo ya miaka ishirini yenye mipira mikavu kabisa, ningekuuliza imeoshwa lini.

Kopo hukaa katikati ya mpira mmojawapo. Ukungu unaingia, unagonga waya au visahani vilivyomo ndani, unapoa, unakuwa matone, unadondoka chini. Gesi inaendelea na safari yake. Hakuna zaidi ya hapo. Kopo halipunguzi hata tone moja la oili inayotoka kwenye tumbo la injini, linaikamata njiani tu. Basi suali langu juu ya gari ya Ami halikuwa kopo ni zuri au baya. Nilitaka kujua oili ile inatoka nyingi kwa nini.

Nilianza kwenye turbo, kwa kuwa ndiyo iliyohukumiwa mwanzo. Wale wa mjini walivua mpira wa baada ya turbo, ule unaokwenda intakula, wakaona oili, wakasema turbo. Mimi nilivua na wa kabla yake, unaotoka ea klina (filta ya hewa), nikaingiza kidole mpaka kifundoni. Kilitoka cheusi na kinang'ara. Tone moja lilikuwa limening'inia pale pale unapoingia mpira wa kupumulia, na kutoka hapo mfereji mwembamba wa oili ulikwenda kwenye turbo. Upande wa ea klina, juu ya kiungio hicho, mpira mkavu, una vumbi tu. Sili ya turbo ikifa, oili yake inasukumwa mbele na upepo. Hairudi nyuma ikaenda kupaka mpira wa kuingizia hewa. Ukikuta kabla ya turbo pakavu na baada yake pametota, hapo ndipo pa kuishuku turbo. Gari ya Ami ilikuwa na oili pande zote mbili, na chanzo chake kilionekana kwa macho. Nikashika nati ya feni ya turbo: pembeni inacheza kidogo kama zote, mbele na nyuma haitikisiki. Laki nane ikabaki mfukoni mwa Ami.

Baada ya hapo ringi. Injini ya moto, throtoli wazi, plagi zote nje, nikapima kompresha, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa: 150, 145, 150, 140. Silinda nne zinazofuatana karibu namna hiyo hazisemi habari ya ringi zilizokwisha. Ingekuwepo moja ya 90, kisa hichi kingekuwa kifupi na kingekwishia kwenye ova hauli, kufungua injini yote.

Kisha glavu. Ni kipimo cha kimasikini lakini mimi nakiamini. Unafungua kifuniko cha kutilia oili, injini iko sailensi, unavalisha mdomo ule glavu ya mpira kama zile za hospitali na kuifunga na rababendi. Injini ambayo valvu yake ya PCV inafanya kazi inavuta kidogo, na glavu inanywea ndani. Ya Ami ilikaa kimya kiasi cha nusu dakika, halafu ikaanza kujaa, kidole kimoja kimoja, mpaka ikasimama wima kama mtu anayepunga mkono bandarini. Kijana wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ndani ya kifuniko nilichofungua palikuwa na krimu nyeupe, mfano wa mayonezi: oili na maji.

Krimu ile haikunishangaza. Ami anakaa Fuoni na duka lake liko Darajani. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi, kilomita nane hivi kila upande, na nusu ya mwendo huo ni foleni ya Mwanakwerekwe. Injini haipati muda wa kupata moto wa kukausha maji yake, na haya yalikuwa ya mwezi wa Aprili, masika yamekolea, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Ijumaa ndiyo siku pekee gari inayonyoosha miguu, akenda Makunduchi ukweni.

Dipstiki niliiacha mwisho, na lilikuwa kosa, ilitakiwa iwe ya kwanza. Oili ilikuwa juu ya alama ya F, ile ya kujaa, kwa upana wa kidole.

Aliporudi Alasiri nikamuuliza, "Ami, oili unapima lini?"

"Ijumaa, pale sheli, nikitia petroli. Yule kijana anachomoa, ananambia imeshuka, tunaongeza."

"Kila Ijumaa?"

"Karibu. Gari inakula oili hii, nnakwambia."

Injini ya Subaru silinda zake zimelala, mbili kulia, mbili kushoto. Ukizima tu ukachomoa dipstiki, oili nyingi bado iko kwenye vichwa pembeni haijateremka, na kijiti kitakudanganya kwamba imepungua. Baina ya L, alama ya chini, na F kuna takriban lita moja, kwa hiyo kosa dogo la kusoma ni oili nyingi ya kuongeza. Na injini iliyojazwa kupita kiasi krenki inaichapa oili, inatoa povu na ukungu, ukungu unatoka na gesi kupitia mpira wa kupumulia. Oili ikishuka, kijana wa sheli anaongeza. Ami alikuwa analisha kile alichokuwa anakilalamikia.

Niliteremsha oili iliyozidi, ikatoka karibu robo tatu ya lita, kisha nikafanya jambo ambalo Ami aliliona kichekesho. Nilimfungia kopo. Siyo lake, langu, ninalolitumia gereji kwa kupimia. Limefungwa lote, halina tundu la kupumulia nje, na ndani nimejaza ule waya wa pua uliojiviringa wa kusugulia masufuria. (Usitumie ule waya laini unaonyofoka kama sufi. Vipande vyake vitavutwa, na feni ya turbo haili chuma.) Nililiweka kwenye mpira wa kupumulia unaokwenda kabla ya turbo, kwa sababu huko ndiko nilikoona tone. Valvu ya PCV sikuigusa bado. Nikamwambia atembee kilomita 500 na oili asiiguse mtu, hata kijana wa sheli akilia.

Alirudi baada ya wiki mbili. Kopo nililimwaga kwenye chupa ya jemu na kupima kwa bomba la sindano: mililita 60. Nikaiacha chupa dirishani usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa imejitenga: juu oili ya kahawia, chini maji ya kijivu kama ya kuoshea mchele, zaidi ya thuluthi, na ukinusa unapata petroli. Kijana wangu alitaka airudishe ile ya juu kwenye injini, oili pesa bwana. Hairudishwi. Imeshachanganyika na petroli na maji yenye asidi ya moshi. Ni uchafu, inakwenda kwenye dumu la oili chakavu.

Mililita 60 kwa kilomita 500, tena kwenye gari isiyokimbizwa, zilikuwa bado nyingi. Sasa nikaifuata valvu. Kwenye injini hizi imejificha chini ya intakula, na nadhani ndiyo sababu inazeeka pale bila ya kuguswa: haionekani, na kuifikia ni kazi. Valvu nzima ukiitikisa inasikika, tik tik. Hii ilikuwa bubu. Nilipuliza upande mmoja, nikapuliza wa pili, nikabaki na ladha mbaya mdomoni tu. Ilikuwa imeganda imefungwa. Maana yake gesi yote ya injini, hata gari ikiwa sailensi, haikuwa na njia ila ile ya mpira wa kupumulia, na mpira wenyewe mmoja ulikuwa na tope ndani umebaki mwembamba mfano wa mrija wa soda. Gesi nyingi, njia moja, nyembamba: inakwenda kwa kasi na inabeba kila inachokikuta.

Valvu mpya ya asili, elfu arobaini. Mipira miwili nikaibadilisha kwa mipira ya petroli inayostahamili oili, ule wa tatu nikauosha. Intakula nikaimwaga na kuisafisha, oili na filta mpya. Nikarudia glavu: ikanywea ndani ya mdomo kama inayonyonywa. Nikafunga tena kopo langu, kilomita 500 nyengine, njia zile zile, Darajani na Makunduchi. Mara hii yalitoka mililita 12, na mengi yake ni yale maji ya kijivu. Oili yenyewe haikujaza kijiko cha chai.

Nikalivua kopo langu. La Maskati nikalirudisha kwenye boksi.

Ami hakuridhika, na mpwa wake vile vile; alinitumia sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp. Hoja yake ilikuwa ile inayosemwa na wengi: sawa, tatizo limeondoka, lakini kopo lina ubaya gani? Lifungwe tu, kinga.

Lina ubaya, kwa mtu kama Ami. Kopo ni chombo cha kumwagwa. Ami hafungui boneti. Boneti yake inafunguliwa na kijana wa sheli, na tumeshaona matokeo. Kopo lililojaa likisahauliwa, siku atakayokanyaga sana kwenye barabara ya Makunduchi litavutwa donge zima la oili na maji kwa pamoja, moshi utajaa barabara. Tena kila kopo linaongeza viungio vinne na mpira ambao unaweza kukunjika au kulainika kwa moto, na mpira wa kupumulia ukiziba tumerudi pale pale kwenye glavu inayopunga mkono.

Na kopo lile lenyewe, kwa heshima zote za zawadi, lilikuwa tupu. Nililifungua mbele ya Ami: hakuna waya, hakuna kisahani, kopo la Blue Band lililopigwa rangi. Ukungu unaingia mdomo huu na kutoka ule bila ya kugonga chochote. Mpira uliokuja nao ni wa maji, oili ingeulainisha katika miezi michache. Kubwa zaidi, juu lilikuwa na kijifilta kidogo cha kupumulia nje. Forester hii inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na ea klina. Hewa ikipata mlango mwengine baada ya sensa, kompyuta inatia petroli kwa hesabu isiyo sahihi, na sailensi inaanza kuyumba. Ukiliacha lipumue ndani ya boneti, harufu ya oili utaivuta wewe kwenye foleni. Makopo mazuri yapo. Hili halikuwemo.

Lakini mpwa hakuwa mjinga, na nilipomuuliza yeye anaendesha gari gani ndipo nilipoelewa. Ana Forester turbo pia, ya lile umbo lililotoka mwishoni mwa 2012. Jina moja, boneti zinashabihiana, injini ni mbali kabisa: ile ni FA20, noseli zake zinamwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Kwenye EJ20 ya Ami noseli ziko kabla ya valvu za kuingizia hewa, kila petroli inapomwagwa inaziosha. Kwenye ya mpwa hakuna kinachoziosha. Ukungu wa oili unafika pale, unakutana na valvu ya moto, unaungulia hapo hapo, na kaboni inajijenga miaka na miaka mpaka valvu inaonekana kama muhogo uliochomwa. Toyota kwenye mfumo wake wa D-4S iliweka noseli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja nje, na ile ya nje inaziosha. Isitoshe, mpwa siku za mapumziko anapandisha gari Jabal Akhdar, milima ya kweli, turbo inasukuma muda mrefu bila ya kupumzika. Unguja ardhi yote imelala. Mlima wetu mrefu ni tuta la mbele ya skuli.

Kwa hiyo kwake yeye kopo lina maana. Hata hapa kisiwani, angekuja mtu na Toyota C-HR ya turbo ya 1.2, au Volkswagen ya TSI ya zile zenye noseli za ndani peke yake, injini yake nzima, valvu ya PCV nzima, akasema anataka kopo zuri na atalimwaga kila mwezi, ningemfungia. Nisingemuahidi valvu safi. Linapunguza, halimalizi, na kaboni iliyokwisha kushika halitaing'oa. Ila angekuja na injini inayotoa mililita 60 kwa kilomita 500, ningemrudisha kwenye glavu kwanza, kwa sababu kopo kwenye injini hiyo lingekuwa limefunika jambo.

Hayo nilimweleza mpwa kwa sauti ya dakika tano, nikalipa deni lake na ziada. Akajibu kwa neno moja, "Sawa fundi." Sikujua kama kakubali au kachoka.

Ami alirudi mwezi wa Julai kwa kubadilisha oili, kilomita 3,000 baadaye. Nilimfundisha kupima asubuhi, gari haijawashwa, imesimama pahali pa sawa, na kuandika. Alikuwa na karatasi mfukoni: oili ilishuka kiasi cha robo ya nafasi baina ya L na F, na hakuongeza tone. Nilivua mpira wa kabla ya turbo, nikapitisha karatasi ya chooni ndani. Ilitoka na doa, haikutota. Krimu chini ya kifuniko ipo kidogo, na itaendelea kuwepo maadamu safari ni Fuoni na Darajani; nimemwambia Jumapili moja moja aende mpaka Nungwi, akasema petroli nitamtilia mimi?

Kimebaki kimoja. Sili ya nyuma ya krenki inatoa jasho, unyevu tu, haujafika kudondoka. Kwa muda wote ule valvu ilipokuwa imeganda, presha ilikuwa inaisukuma kutoka ndani. Kuibadilisha ni kushusha gia, na siyo kazi ya kumtia Ami gharama zake kwa jasho. Nimeipangusa, nimepaka chaki pembeni yake, tunaiangalia kila oili inapobadilishwa. Boksi la Maskati liko kwenye rafu yangu. Ami alisema atalichukua, hajalichukua, na kijana wangu ameshaanza kutilia nati ndani yake.